Jiwe Lililoachwa Konani

Aibu ni jiwe zito, halibebeki begani,
Lachoma pasipo moto, moshi hauonekani.

Ndugu zangu, tulieni niwape habari za mzee mmoja wa kanisa, katika usharika mmoja wa milimani, aliyejulikana kijiji kizima kwa mambo mawili: gari bovu na ulimi mkali.

Tuanze na gari. Lilikuwa kuukuu kiasi kwamba hata rangi yake ya kwanza ilibishaniwa. Wengine walisema buluu, wengine walisema kijani. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya katani. Kioo cha upande wa pili kilishikiliwa na bisibisi. Honi ilijiamulia mambo yake: ukiibonyeza inanyamaza, ukikata kona ya kushoto inalia yenyewe. Rejeta ilivuja, breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi, na kila lilipopanda mlima ule, likifika kwenye kona ya katikati, lilichemka kama chungu cha maharage, likazima. Watu walilipa jina. Waliliita Tuombe, kwa sababu kila aliyepewa lifti, gari likianza kutetemeka, alisikika akisema, "Jamani, tuombe."

Sasa ulimi. Kabla ya kustaafu mzee huyu alikuwa mkaguzi wa shule, mtu wa mambo kunyooka, asiyeweza kuona ubao umeandikwa mshazari akapita bila kusema. Usharikani alipewa kazi ya kusoma matangazo. Alisoma ndoa, akasoma mazoezi ya kwaya, akasoma zamu za kufagia kanisa. Kisha alikunja karatasi, akavua miwani, akaanza ya kwake.

"Lori la kabichi la Jumanne limepanda mlima na taa moja. Mwenye pikipiki nyekundu amemrushia matope mama mjamzito pale kisimani, anajijua. Na kuna bwana mmoja amegeuza gari katikati ya barabara siku ya mnada, akatusimamisha wote, akiongea na simu. Huyo naye anajijua."

Watu walicheka chini kwa chini, lakini waliogopa. Kutajwa na mzee siku ya Jumapili kulikuwa sawa na kudondokwa na msuli mbele ya wakwe.

Na katika makero yote ya barabara ile, hakuna lililomuudhi kama mawe. Nieleze, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kupanda mlima na gari bovu. Gari likizima katikati ya mwinuko, dereva huruka chini, huokota jiwe, huliweka nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi bondeni. Injini ikiwaka, huondoka polepole, na jiwe hubaki pale pale katikati ya njia. Kwa nini halichukui? Kwa sababu akisimama ashuke kulichukua, gari litazima tena, au litarudi nyuma. Basi huliacha. Atakayefuata ndiye atakayejua. Je, ninyi hamjawahi kuyakwepa mawe hayo? Hamjawahi kusonya mkauliza ni mtu gani huyu asiye na utu?

Mzee yeye alikuwa na dawa yake. Alichonga kabari kutoka kwenye gogo la mkaratusi, akaifunga kamba nyuma ya gari ili iburutwe hatua moja tu nyuma ya gurudumu. Gari likizima, lilirudi shibiri moja likaiegemea. Likiwaka, kabari ilifuata, ikirukaruka kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, mpaka kileleni. Hakuna jiwe lililobaki. Aliwaonyesha madereva kabari ile nje ya kanisa, akaizungusha mbele yao waione pande zote.

Siku moja alimkuta sokoni dereva wa lori la kabichi, mtu mnene, mpole, mwepesi wa kucheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jiwe lako bado liko konani."

"Umejuaje kuwa ni langu?"

"Limekaa kama wewe. Zito, na halina haraka ya kuondoka."

Watu wakacheka, na dereva akacheka nao. "Mzee wangu, wewe una gogo la kuzuia Tuombe. Mimi gogo la kuzuia tani saba nitalikata msitu gani?"

"Basi shuka uliondoe jiwe."

"Nikishuka, lori nalo litashuka."

"Lifikishe kileleni, kisha urudi kwa miguu. Miguu umepewa ya nini? Ni dakika kumi kwenda na kurudi. Mtu asiyeweza kumpa mwenzake dakika kumi mimi simwiti dereva. Namwita muuaji ambaye bado hajapata maiti wake."

Hapo hakuna aliyecheka. Dereva akatazama chini, akasema, "Umesema kweli, mzee," akaenda kufunga turubai lake.

Ikawa Alhamisi moja, mvua nyepesi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee alikuwa anarudi kutoka mjini kupima macho. Akafika konani, na Tuombe, kama kawaida yake, likachemka, likazima. Mzee akatulia kitini, akingoja gari lirudi shibiri moja liegemee kabari. Likarudi shibiri moja. Likarudi ya pili. Likarudi ya tatu. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akatazama kwenye kioo, akaona kamba tupu ikining'inia. Kabari ilikuwa imekatika huko chini, mahali asipopajua.

Akatia gia, akaruka chini, akang'oa jiwe ukingoni, kubwa kama sufuria la ugali wa watu sita, akalisukumia nyuma ya gurudumu. Akamimina maji kwenye rejeta, akangoja, akajaribu. Injini ikawaka. Gari likajivuta, likashika kona, likapanda. Na katika kioo cha pembeni akaliona jiwe, jeusi kwa mvua, limekaa katikati ya njia kama mtu aliyeambiwa angoje.

"Nitarudi," alisema kwa sauti, ingawa garini hamkuwa na mtu.

Kileleni alisimama. Hakuwa amesahau, ndugu zangu. Msimtetee kwa kusahau. Alisimama kweli, akashika kamba ya mlango aifungue. Lakini mvua ilikuwa imeongezeka, viatu vyake vilikuwa vile vya Jumapili, na injini, kwa mara ya kwanza mwaka ule, ilikuwa inaunguruma vizuri. Akiizima, nani anajua itawaka lini? Akafunga kamba tena. "Kesho asubuhi," alisema, "kabla ya chai."

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, akanywa chai kwanza. Saa nne kulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Katikati ya kikao alilikumbuka jiwe; lakini angewezaje kuinuka, yeye katibu, na kusema anakwenda wapi? Jioni viungo vilimuuma. Kesho. Neno hilo si mnalijua lilivyo laini mdomoni?

Jumamosi aliamka amekata shauri. Akavaa buti, akachukua mwavuli, akamwambia mkewe, "Nakwenda kuondoa jiwe konani." Akateremka mlima haraka kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Alikuwa amebakiza hatua mia mbili hivi aliposikia mlio wa pikipiki, kisha kishindo, kisha pikipiki ikilia peke yake kwa nguvu, kama inavyolia ikiwa imeanguka na hakuna wa kuizima.

Alipofika, watu walikuwa wameshatoka mashambani. Mwenye bodaboda alikuwa ameketi ukingoni, ameshika kiwiko, damu inachuruzika. Abiria wake alikuwa mwanamke mmoja, fundi wa kushona, aliyekuwa akipeleka sare za kwaya. Sare zilikuwa zimetawanyika matopeni, nyeupe, mikono wazi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa na injini, na wanaume wanne ndio kwanza walikuwa wameiinua. Hakulia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, akawa anauliza jambo moja tu: "Ni mguu upi? Jamani, niambieni ni mguu upi."

Hakuna aliyemjibu, kwa maana wote walijua kwamba cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wake wa kazi ulikuwa wa kulia.

"Amekuja mzee!" mtu mmoja alipiga kelele. "Mzee, njoo uone wenzako walichofanya!"

"Sikuwa na kasi, mzee," alisema mwenye bodaboda. "Naapa. Hii kona huoni mbele. Jiwe lilikuwa katikati kabisa."

"Jiwe la nani hili?"

Wakamgeukia yeye. Ni nani mwingine angejua? Ndiye aliyekuwa akitaja kila namba ya gari na kila taa mbovu. Mzee alifungua kinywa. Akalitazama jiwe. Upande mmoja lilikuwa bado na udongo mwekundu wa ukingo alikoling'oa, na tundu lake pale ukingoni lilikuwa wazi, mbele ya macho yao wote, na hakuna aliyelitazama.

"Hao watu wa malori," alisema. "Si nimesema kila Jumapili?"

Maneno manane, ndugu zangu. Nimeyahesabu.

Lori lililopanda mlima tangu Alhamisi lilikuwa moja tu. Kabla ya adhuhuri dereva wake alikuwa ameshapatikana, na kabla ya jua kuzama wakulima walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayempakilia kabichi. Yule mtu mnene, mpole, akasimama sokoni karibu na lori tupu, siku ya mnada wa kwanza na siku ya mnada wa pili, akiwasalimia watu wasiomwitikia. Jioni moja alikuja nyumbani kwa mzee. Hakukaa ingawa alikaribishwa.

"Mzee, mimi nimeacha mawe mengi. Sikatai. Lakini hili si langu. Ile Alhamisi sikuzima konani, nilipanda moja kwa moja, nikapiga honi kisimani, watu walinisikia. Niseme wapi nisikike? Ukinisemea wewe, wataamini."

"Nitaona," alisema mzee.

"Ahsante, mzee. Mungu akubariki."

Mtu akikubariki kwa jambo kama hilo, utalala usingizi gani? Mzee aliacha kula vizuri. Alisema ni tumbo. Tuombe alilifunika kwa turubai, akawa anatembea kwa miguu, na watu wakasema, mnaona, tangu ajali ile mzee amekuwa na huruma hata na barabara.

Fundi aliporudishwa kutoka hospitali, mzee na mkewe walikwenda kumjulia hali. Walibeba unga wa uji na ndizi. Walimkuta ameketi kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka gotini, na cherehani pembeni imefunikwa kanga.

"Poleni na safari, wazee wangu," alisema, yeye wa kupewa pole.

"Pole wewe, mwanangu," alisema mke wa mzee. "Daktari anasemaje?"

"Anasema nitatembea. Ila kifundo cha mguu hakitarudi kukunjika kama zamani." Akatazama kanga iliyofunika cherehani. "Nimejaribu na wa kushoto. Unakwenda kama mlevi."

Akacheka kidogo.

"Mzee, nina ombi. Mimi sitaki mtu afungwe. Dereva wa lori anaapa si yeye, na mimi namwamini, kwa sababu alikuja hapa akalia. Basi yuko mwingine. Nataka aje tu hapa, aniambie, ni mimi. Nikilala nawaza: huenda namsalimia kila siku. Huenda nimemshonea nguo. Litangaze Jumapili. Ukisema wewe, ataogopa, atakuja."

Suruali aliyovaa mzee siku ile ilikuwa imeshonwa kwa cherehani ile.

"Nitatangaza," alisema.

Wakiwa njiani kurudi mkewe alitembea mbele mpaka walipovuka kijito. Hapo akasimama.

"Baba Eliamini, Jumamosi ile uliniambia unakwenda kuondoa jiwe. Ulijuaje kwamba kuna jiwe?"

"Nililiona nikipita."

"Ukalipita?"

"Nililipita."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mshono ulioachia. "Hata hilo lilitosha kumwambia," alisema. "Tulikuwa tumekaa mbele yake."

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, kwa sababu kijiji kilikuwa kimesikia kwamba mzee atasema. Fundi aliletwa kwa magongo, akawekwa kiti cha mbele. Dereva wa lori alisimama nyuma karibu na mlango. Mzee akasoma ndoa, akasoma zamu za kufagia. Akakunja karatasi. Miwani hakuivua.

"Mtu aliyeacha jiwe konani," alisema, na sauti ikamkauka, "aende kwa huyu ndugu yetu, amwambie."

Wanawake wengine walifuta machozi. Walidhani ile ilikuwa huruma.

Ndipo mchungaji aliposimama madhabahuni. "Mzee, baki hapo hapo ulipo," alisema. Akawageukia watu. "Washarika, simameni wote. Na wa magongo asaidiwe asimame."

Wote wakasimama.

"Kona ile tunaipita wote," alisema mchungaji. "Nataka tufanye jambo moja. Mtu yeyote ambaye katika maisha yake aliwahi kuacha jiwe barabarani, au aliliona jiwe la mwenzake akalikwepa akaenda zake, akae chini. Sitauliza ni jiwe gani wala ni siku gani. Hakuna kesi hapa, wala hakuna atakayefuatwa nje. Akae tu."

Kisha sauti ikatoka nyuma.

"La ajali si langu, mchungaji," alisema dereva wa lori. "Lakini mengine nimeyaacha, saba, nane, sijui. Mimi nakaa." Akakaa, na benchi likalia kwa uzito wake, na mtu mmoja akacheka, na katika kicheko kile pumzi za watu zikarudi.

Mzee alikuwa mbele, ameshika karatasi. Alijiambia: nikikaa sasa, nitaonekana namfuata huyu. Ngoja wakae wawili watatu.

"Lile lile nililiona Ijumaa," alisema mwenye bodaboda. "Nilipita pembeni. Jumamosi nikalisahau, nikaliparamia mwenyewe." Akakaa.

Wakakaa kina mama wa kuni, wakisema walilizunguka na mizigo kichwani. Wakakaa wanakwaya, safu nzima kwa mara moja. Mabenchi yakawa yanalia huku na huku kama mvua inavyoanza kwenye bati. Sasa, alijiambia mzee. Sasa ni wengi, hakuna atakayeniona. Magoti yake yakaanza kukunjika. Lakini yeye alikuwa mbele, amewakabili, na kwa mtu aliyesimama mahali pale hakuna wingi wa kujificha ndani yake. Akakumbuka sokoni, akakumbuka neno muuaji. Magoti yakanyooka.

"Na mimi," alisema fundi.

Watu wakamgeukia.

"Ijumaa nilipita kwa miguu. Nililiona, nikalizunguka. Nilikuwa na haraka ya zile sare." Wanawake wawili wakamshika kwapani, wakamkalisha taratibu, mguu wake umenyooka mbele kama mti.

Mchungaji akashuka madhabahuni, akaketi kwenye ngazi. "Nami nimeyapita mengi," alisema. Aliyekuwa bado amesimama katika mabenchi ni mke wa mzee. Alikuwa amengoja. Alimtazama mumewe usoni, akamngoja tena kidogo, kisha naye akakaa, akainamisha kichwa.

Ndipo mtu mmoja akasema kwa mshangao, "Mnaona? Yupo mmoja." Na mwingine akapiga kofi, na wa pili, na wa tatu, mpaka kanisa zima likawa linapiga makofi. Fundi aliinua uso wake uliolowa machozi, akatabasamu.

"Ahsante, mzee wetu," alisema. "Walau mmoja alikuwa akitukumbuka."

Ndugu zangu, nitawauliza, nanyi mjijibu wenyewe. Asubuhi ile kukaa chini kulikuwa na ugumu gani? Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, naye aliyeumizwa alikuwa ameshapita mlango ule akaketi ndani. Mzee angekaa angekuwa mmoja katika watu mia mbili wenye aibu, aibu ndogo ya kugawana. Alipewa aibu ya watu wote, akachagua heshima ya peke yake, na heshima ile ikawa inamchoma mbele ya watu wanaomshangilia.

Lakini msimcheke. Sisi ndio tunaojua taa mbovu ya kila gari isipokuwa ya gari letu. Sisi ndio tunaomsonya aliyetukatia njia asubuhi, na jioni tukamkatia mwingine kwa sababu tuna haraka, na haraka yetu siku zote ina sababu. Mnajua kwa nini tunayakemea makosa ya wenzetu kwa ufasaha mkubwa namna ile? Tunayafahamu kwa ndani.

Tazameni jinsi jiwe lile lilivyokuwa likikua. Alhamisi lilikuwa na bei ya dakika kumi na viatu vilivyolowa. Ijumaa, bei ya kuinuka katika kikao. Jumamosi, bei ya kusema "ni langu" mbele ya watu kumi na tano. Chumbani kwa fundi, bei ya sentensi moja kwa mwanamke aliyesema hataki mtu afungwe. Jumapili, bei ya kukunja magoti. Hakuna siku hata moja ambayo alishindwa kabisa kulipa. Kila siku aliona bei ya leo ni kubwa, akangoja ya kesho. Sisi je? Kuna mtu hapa anayengoja wengine wakae kwanza? Kuna aliyemwambia mtu "nitaona," huku yule mtu anasimama sokoni asiitikiwe salamu? Wewe unayemngojea mkeo achoke kukutazama, utakaa lini? Nenda kwa mtu wako leo, kabla hajakushukuru. Akikwisha kukushukuru itakuwa vigumu mno.

Mtaniuliza kama mzee alikuja kukaa baadaye, kama alikwenda kwa fundi jioni, kama dereva wa lori alipakiliwa kabichi. Hayo siwaambii, kwa sababu mkijua alisamehewa mtarudi nyumbani mmestarehe. Nawaambia mwisho wa asubuhi ile tu. Makofi yalikwisha. Mchungaji alikuwa ameketi kwenye ngazi, fundi alikuwa ameketi na mguu wake, dereva alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, na usharika wote ulikuwa umeketi. Aliyebaki amesimama alikuwa yule aliyeliacha jiwe.